"KIOO KIMEKUFA" KITU GANI? MAFUNDI WA MJINI NA STAA WENU, MNATULIA HELA MCHANA KWEUPE!

Wadau wangu wa Njoro, Pasua, Majengo, na nyie mliohamia Dar mkajifanya mmesahau mtori. Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na nitaisema yote.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa tatu chuo. Wiki mbili kabla ya kukabidhi utafiti wake, laptop ikaingia giza. Taa ya chaja inawaka, feni inalia, ila kioo cheusi kama sufuria ya mbege. Akaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, maarufu kweli, yule anayetangazwa na staa wetu kila siku. Jina la staa ninalo na silisemi, ila kila harusi ya maana yuko yeye na kipaza sauti.

Fundi akaiwasha, akaitazama sekunde kumi. "Dada, kioo kimekufa. Laki mbili na ishirini." Hakushika bisibisi wala tochi.

Mama kule juu mgombani akauza mbuzi wawili. Hela ikaenda, laptop ikarudi inawaka. Dogo akaona mkwaruzo kwenye kona, palepale ulipokuwa mkwaruzo wake wa zamani. Akauliza. Akajibiwa, "Vioo vyote vya mtumba vina mikwaruzo." Wiki tatu baadaye giza likarudi.

Safari hii tukaenda kwa mzee mmoja anayefanyia kazi kibarazani, hana bango wala kurasa ya Instagram. Akaifungua mbele yetu. Kioo ni kilekile! Kilichokuwa kibovu ni waya unaopita kwenye bawaba, ulichubuka kwa kufungua na kufunga. Yule maarufu aliusukuma tu ukashika kwa muda. Mzee akaweka mwingine, elfu thelathini na tano, imeisha hiyo.

Sasa wadau, mimi nimeishia form four, haya nimejifunza mwenyewe kwa kuharibu vitu vyangu. Kama mimi nimeyajua, mtu mwenye bango barabarani anashindwaje?

Asubuhi ukitoka nje ukakuta mawingu yamefunika Kibo, unapiga simu nyumbani kusema mlima umekufa? Si unajua upo, umefichwa tu. Kioo cha laptop ni hivyohivyo. Picha ni kitu kimoja, na taa inayoimulika kwa nyuma ni kitu kingine. Taa ikizima, picha inaweza kuwepo ila huioni.

Jinsi ya kujua? Zima taa za chumba, washa laptop, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona kivuli cha picha, usikubali haraka hadithi ya kioo kufa. Tatizo linaweza kuwa waya, fyuzi ndogo ya taa kwenye mazabodi, au taa yenyewe. Zile za zamani, za kabla ya 2010 hivi, nyingi zilitumia mrija mwembamba wa taa na kibodi kidogo cha kuuwasha, na hicho kibodi kilikuwa kinakufa peke yake.

Chezesha kioo taratibu, mbele na nyuma. Mwanga ukija na kupotea, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa bawaba.

Chomeka laptop kwenye TV kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye TV, sehemu kubwa ya mashine ni nzima, shida huenda iko upande wa kioo, waya wake au ile fyuzi. Kukiwa giza hata kwenye TV, huenda tatizo liko ndani zaidi, kwa mfano ramu imelegea. Ukibadilisha kioo hapo umetupa hela.

Na kama kioo hakijazima ila kimefifia tu, kabla ya kutoka nyumbani bonyeza kitufe chenye alama ya jua, kisha angalia kama hujawasha hali ya kubana chaji. Msicheke, kuna watu wamelipia hilo.

Ila usijifanye fundi ukachomoa waya wa kioo wakati betri imeunganishwa. Hapo unaweza kuiunguza hiyo fyuzi mwenyewe, halafu uje kunitukana.

Nirudi kwa staa. Kaka, najua unatengenezewa vyako bure, ndiyo maana unasifia. Haki yako kula. Ila ukisema "nendeni kwa huyu, namwamini mimi", mama yangu anauza mbuzi kwa neno lako. Sema basi kwamba umelipwa kusema, watu wajue wanasikiliza tangazo. Kuficha hilo ni kumshikia mwizi ngazi.

Sasa zamu yetu, na hapa mtanichukia. Sisi wateja ndio tumewafundisha. Fundi akisema "nipe elfu kumi nichunguze kwanza", tunapiga kelele, "Yaani unanichaji kuangalia tu?" Tunaondoka na kumsema. Basi fundi mwaminifu anayemaliza saa nzima akitafuta waya anaondoka mikono mitupu, na anayekuuzia kioo kwa sekunde kumi anajenga nyumba. Daktari tunamlipa kabla hata hajatushika mkono. Fundi wa laptop tunataka akili yake bure, halafu tunashangaa akiirudishia kwenye bei ya kioo.

Kwa hiyo kuanzia leo, lipia uchunguzi. Ukishalipa, una mdomo wa kudai: nionyeshe ugonjwa kwa macho yangu, nipe kifaa kibovu ulichotoa, niandikie risiti yenye muda wa dhamana. Fundi akikataa hayo matatu, beba laptop yako uondoke, hata kama ukutani kuna picha yake na staa.

Dogo alikabidhi utafiti wake, umechelewa siku nne. Mbuzi hawajarudi.

Haya, tukutane kwenye komenti. Wewe uliambiwa nini kimekufa, na kilikuwa kimekufa kweli? Mafundi nanyi njooni mjitetee, nafasi ipo. Matusi ya mama tu ndiyo nafuta.