Nyaya za moyo zikitolewa, usidhani yameisha

Kijana wa Kinondo, wewe ndiye hutumwa kumpeleka babu hospitali. Unabeba faili, unalipa matatu, unavuka Likoni. Basi hili linakuhusu.

Novemba 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza kuwa pesimeka zilizotumika, zikasafishwa na kukaguliwa upya, zilifanya kazi sawa na mpya. Kenya ilishiriki katika utafiti huo. Ni habari njema, maana kifaa kipya cha kurekebisha mapigo ya moyo ni ghali mno kwa wengi wetu.

Lakini pesimeka si kitu cha kuwekwa kikasahaulika. Viini vikiingia kilipopandikizwa, mara nyingi hulazimu kitolewe pamoja na nyaya zake.

Nyaya hizo hupita ndani ya mshipa, chini ya mtulinga, hadi moyoni. Zikikaa miaka, kovu huzigandisha kwenye ukuta wa mshipa. Zikivutwa, ukuta huchubuka, na damu huweza kuganda hapo. Mkono huvimba. Bonge likimeguka, laweza kufika mapafuni na kuua.

Sasa utauliza, si apewe tu dawa ya kuzuia damu kuganda? Si rahisi hivyo. Ikianzishwa mapema mno, kidonda chavuja damu. Ikichelewa, bonge latangulia. Daktari ndiye hupima lini na kiasi gani.

Kwetu tatizo ni umbali. Upasuaji ukifanyika Nairobi, zaidi ya kilomita 500, bonge laweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, babu akiwa nyumbani. Akitumia warfarini, lazima damu ipimwe mara kwa mara, na kila kipimo ni nauli na kibarua kilichopotea. Kwa hivyo, wanasiasa wakija na ahadi za majengo, waulize pia: kipimo hiki kitapatikana lini karibu na kijiji?

Kabla ya kutoka wodini, uliza: dawa inaanza lini, inaisha lini, damu inapimwa wapi? Usimnunulie babu dawa za maumivu dukani bila kuuliza. Baadhi huzidisha kuvuja damu. Mchicha asiache wala asiuzidishe ghafla, kwani hubadilisha nguvu ya warfarini.

Mkono ukivimba, kifua kikiuma au pumzi zikikatika ghafla, usingoje kesho. Tafuta gari sasa hivi.