UKURASA WA FAMILIA: Baba yuko buloko, na nyumba yake je?



Mwezi huu tunasema juu ya jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Mtu akikufa mtaani kwetu, tunajua la kufanya. Tunalala kwenye kilio, wamama wanaleta bugali na sombe, jumuiya inachanga franka, katekista anaongoza sala. Lakini mtu akikamatwa, kila mmoja anafunga mlango wake. Bibi yake akipita njiani, watu wananyamaza. Siku ya Mungu anakaa nyuma kabisa kanisani, na kisha siku moja haji tena.

Kumbe nyumba ile ina shida sawa na nyumba ya kilio, na pengine zaidi. Marehemu haombi chakula. Mfungwa anakula kila siku.

Tuhesabu kidogo. Tuseme baba ni mchimbaji kule Rubaya ama Bisie. Anakamatwa leo. Kesho mapato yamekwisha, sababu mchimbaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi: asiposhuka shimoni, hakuna kitu. Na siku ileile matumizi yanaongezeka. Katika magereza mengi ya Kongo chakula cha serikali ni mahindi na maharagi mara moja kwa siku, na kuna siku kinakosekana. Mfungwa anaishi kwa chungu cha bibi yake. Basi mama anapika mara mbili, chungu cha watoto na chungu cha kupeleka. Siku unga hautoshi, anapaswa kuchagua. Wengi wanampelekea mfungwa, sababu watoto angalau wanaweza kuomba kwa jirani.

Kisha kuna njia. Kwa miaka mingi wenye kesi nzito kutoka Masisi na Walikale walipelekwa Goma, gereza la Munzenze. Anayejua barabara ya Walikale anajua maana yake. (Miaka ile ya kasiterite nyingi, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe kule Kilambo, zikachukua mawe. Mama mwenye chungu na mtoto mgongoni hakupata nafasi ndani yake.) Kwa hiyo mama anafanya mojawapo ya mambo mawili. Anaacha watoto kwa nyanya yao na kuhamia mjini karibu na gereza, ama anabaki na watoto na bwana anakaa bila mtu. Hakuna njia ya tatu kama hakuna mtu wa kumsaidia.

Na kuna wale wanaokuja jioni na kusema: "Mama, leta dola mia mbili tu, nitaongea na mukubwa, bwana wako atatoka kesho." Mbuzi anauzwa. Juma linalofuata wanarudi, na sasa ni shamba. Wamama, tafadhali, andikeni hili mahali. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema ya kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana na familia yake ama mtetezi wake. Na polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe ama afikishwe mbele ya wakubwa wa sheria. Mnajua na mimi najua ya kwamba mambo hayaendi hivyo kila mahali, na penye bunduki nyingi kifungu ni karatasi. Hata hivyo mama anayekwenda kuuliza pamoja na katekista na mzee mmoja wa jumuiya, akijua saa 48 ni nini, hasikilizwi sawa na mama aliye peke yake na analia. Kumsindikiza ni msaada usiotaka franka hata moja, na ndio wa kwanza.

Wa mwisho kuhesabiwa ni watoto. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazilipishwi, ni kweli, lakini kaye, biki na nguo za masomo hazianguki kutoka mbinguni, na sekondari inalipwa. Kijana wa kwanza wa nyumba anaangalia mama yake, anaangalia wadogo zake, halafu anaacha masomo na kwenda kwenye kilima. Sheria ya migodi inakataza watoto kule. Lakini nani atamrudisha, kama nyumbani hakuna bugali? Nasema wazi: watoto wengine tunaowaona na mfuko mgongoni hawakutumwa na tamaa ya simu. Walitumwa na mlango wa gereza.

"Lakini ni mwizi"

Hapa ndipo jumuiya zetu zinakwama. Mtu anasimama na kusema: "Bwana yake aliiba, tumusaidie juu ya nini? Tunalipa wezi?"

Ndugu, neno la kwanza. Wengi walio ndani hawajahukumiwa bado. Wanangoja miezi, wengine miaka. Na hapa kwetu kwenye migodi mtu anaweza kulala mchimbaji na kuamka mhalifu. Mnakumbuka Septemba 2010: serikali ilifunga uchimbaji wote wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, na ikaufungua tena Machi 2011. Kwa miezi ile sita, shimo lilelile na nyundo ileile vilikuwa kosa.

Neno la pili ni gumu zaidi. Wengine walitenda kweli. Waliua, walibaka, walichoma nyumba za watu. Sitasema ya kwamba wote ni wana-kondoo. Lakini kifungu cha 17 cha Katiba kinasema hakuna mtu anayefungwa ama kuhukumiwa kwa tendo la mwingine, na nabii Ezekieli aliyasema hayo zamani sana katika sura ya 18: mwana habebi kosa la baba yake. Mtoto wa darasa la tatu hakuiba kitu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya misaada havilisemi, na sisi tunaliishi. Mara nyingi aliyetendewa ubaya na bibi ya aliyetenda wanasali katika jumuiya moja, wanateka maji kwenye bomba moja. Ukipitisha kapu la chakula kwenda kwa yule mama mbele ya macho ya aliyepoteza mtoto, umemchoma moyo mara ya pili. Kwa hiyo anza kwake. Nenda kwanza kwa aliyeumizwa, kaa naye, sikia anavyosema, na msaidie pia ikiwa ana haja. Usimwombe ruhusa ya kuwalisha watoto wa mwingine, sababu huo ni mzigo usiomfaa. Lakini asisikie habari kutoka njiani. Nimeona jumuiya zinazorukia hatua hii kwa sababu inachukua muda na inatia haya. Msaada wao unavunja jumuiya badala ya kuijenga.

Mtume Paulo naye alikuwa mfungwa. Katika barua ya pili kwa Timoteo, sura ya 1, anamtaja Onesiforo aliyemtafuta Roma mpaka akamwona, bila kuona haya juu ya minyororo yake. Angalieni Paulo anaomba nini. Anaomba rehema kwa nyumba ya Onesiforo, yaani watu wa nyumbani mwake. Mtu aliye ndani anafikiri juu ya nyumba za watu. Sisi tulio nje tunamfikiri mfungwa peke yake, tena siku ya Noeli tu, na sabuni mkononi.

Malaika wa karatasi

Juu ya sabuni kuna habari nzuri kutoka Marekani. Mama mmoja jina lake Mary Kay Beard alifungwa miaka kadhaa katika jimbo la Alabama. Akiwa ndani aliona wamama wafungwa wakipokea vitu vidogo vya msaada wakati wa Noeli: sabuni, dawa ya meno, vitu kama hivyo. Hawakuvitumia. Walivifunga vizuri na kuwapa watoto wao waliokuja kuwaona. Mwaka 1982, alipokuwa huru na akifanya kazi ya Kanisa kwa wafungwa, alikata malaika wa karatasi, akaandika juu ya kila mmoja jina la mtoto wa mfungwa na kitu anachohitaji, akawatundika kwenye mti wa Noeli mahali watu wananunua vitu. Kila aliyetaka alichukua malaika mmoja, akanunua kitu. Mwaka ule wa kwanza watoto zaidi ya 500 walipata. Kazi hiyo ikaenea katika makanisa mengi.

Siri yake ndiyo hii: mtoto hapokei kitu kutoka kwa tajiri asiyemjua. Anakipokea kwa jina la baba ama mama yake aliye ndani. Anaambiwa: "Baba yako amekukumbuka." Ni tofauti kubwa. Msaada unaomfanya mtoto asahau baba yake, ama amdharau, umempa kaye na kumnyang'anya mzazi.

Karibu zaidi, Uganda, kuna shirika la Wells of Hope lililoanza mwaka 2002. Linasomesha watoto ambao wazazi wao wako gerezani, na linawasindikiza kwenda kuwaona. Masomo na kuonana, vyote viwili.

Sisi hapa hatuna mti wenye taa. Tunayo kaye ya jumuiya. Katekista na mama mmoja anayejua kunyamaza waandike nyumba zenye mtu buloko, watoto wangapi, darasa gani, kinakosa nini. Kaye hiyo isisomwe kanisani nyuma ya misa. Wala asipigwe mtu picha akipokea unga. Anayetaka picha apige ya mbuzi wake. Kila familia ichukue mtoto mmoja kwa kitu kimoja kinachojulikana: kaye za mwaka, ama viatu, ama kikombe kimoja cha maharagi kila juma. Kidogo kinachofika kila juma kinashinda mfuko mzima unaokuja mara moja.

Na ninyi vijana, Kiro, Xaveri na wengine: mna mikono. Salongo moja katika shamba la yule mama mwanzoni mwa mvua ni chakula cha miezi. Tena mnasoma darasa moja na watoto wake. Anayewaita "batoto ba buloko", mumnyamazishe ninyi wenyewe, mbele ya mwalimu kufika.

Siwezi kumaliza bila kutaja Munzenze. Gereza lile lilijengwa kwa watu mia chache tu, likajaa mara nyingi zaidi. Tarehe 26 Desemba 2024 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, Roma, ili wafungwa nao wawe na Jubilei. Mwezi mmoja nyuma yake, tarehe 27 Januari 2025, siku M23 walipoingia Goma, Munzenze likawaka moto. Maelfu ya wafungwa walitoroka. Wanawake wengi waliokuwa ndani walibakwa, na wengi walikufa katika moto pamoja na watoto wadogo waliokuwa nao. Watoto wale hawakuwa na kesi yoyote. Walikuwa ndani sababu mama alikuwa ndani. Mkataba wa Afrika juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1990, kifungu cha 30, unasema ya kwamba kwa mama mwenye mtoto mdogo, kwanza itafutwe adhabu isiyo ya gereza. Laiti ungefuatwa.

Nyuma ya siku ile kuna nyumba ambazo hazikupata habari. Baba hakuwa tena kwenye orodha ya wafungwa, wala hakufika nyumbani. Jumuiya nyingine zilifuta jina katika kaye: "si mfungwa tena." Msifute. Kaye ni ya watoto, na watoto wako pale.

Swali moja wamama wanauliza kila mara: tuwaambie watoto nini? Wengi wanasema, "Baba alienda safari Kinshasa." Mtoto anapata ukweli masomoni, kwa kinywa cha adui, na tangu hapo hamwamini mama tena. Mwambie kwa maneno machache yanayolingana na miaka yake: baba amefungwa, yuko mahali fulani, anakukumbuka. Mambo ya kesi usimwambie.

Na akitaka kumwandikia baba yake, mpe karatasi. Mtu anayepeleka chungu apeleke na barua, na mwisho wa trimesta bileteni ya masomo, hata kama alama ni mbaya. Baba anayo haki ya kukasirika. Barua iwe fupi. Majina ya watu na habari za kesi zisiwemo, sababu inasomwa mlangoni kwanza. Mtoto aandike juu ya mbuzi, juu ya jino lililotoka, juu ya mdogo wake anayetembea sasa.