DEBE TUPU HALIACHI KUVUMA

Nimeomba nafasi ndogo katika jarida la mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limetugawanya Chamani tangu muhula wa pili. Je, pesa tulizochanga tununulie spika gani za kile chumba chetu kidogo? Wengi mwataka sabufa kubwa yenye taa za kumetameta. Mimi nasema hapana. Tununue spika mbili ndogo za kuweka rafuni, pamoja na amplifaya ya kadiri inayoelewana nazo.

Kwanza, hebu tukitazame chumba chenyewe. Hakifiki mita 4 kwa upande wowote, kuta zake ni za matofali matupu na juu ni mabati. Sauti nzito yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi hilo litaenda wapi humo ndani? Litagonga ukuta, lirudi, lijirundike pembeni, na mabati yaanze kutetemeka. Sabufa kubwa ina mahali pake, nako ni uwanjani kwenye harusi, ambako sauti ina nafasi ya kutoka. Chumbani kwetu itatupa kishindo tu, na wenzetu wa kidato cha nne walio upande wa pili wa ukuta hawatasoma.

Pili, twataka kusikiliza nini? Chama chetu ni cha Kiswahili, si cha disko. Twataka kusikia mashairi ya wazee wetu tuliyoyarekodi kwa simu, na taarabu ya Mombasa ya akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Utamu wa nyimbo hizo umo katika maneno na katika nyuzi za udi. Tena tofauti ya konsonanti kama "th" na "s" hukaa zaidi katika sauti nyembamba za juu. Besi ikizidi, maneno humezwa. Shairi lisilosikika maneno ni shairi gani, jamani?

Tatu, msidanganyike na karatasi iliyobandikwa mbele ya mashine. Utaona imeandikwa "wati 1000 PMPO", nawe ukafurahi. Igeuze nyuma usome inavuta umeme kiasi gani. Ikiwa yavuta wati 40 ukutani, hizo 1000 itazitoa wapi? Spika ndogo ya kawaida hutoa desibeli 86 hivi kwa wati 1 tu, ukiwa umbali wa mita 1. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, wati huzidi maradufu: 1, 2, 4, 8, 16. Kwa hiyo wati 16 hukufikisha desibeli 98, na hiyo ni sauti ya kuumiza masikio. Shirika la Afya Duniani lashauri tusipite saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Amplifaya ya wati 20 au 30 za kweli kwa kila spika yatutosha na kubaki.

Lakini si kila spika huoana na kila amplifaya. Ndoa hii ina masharti yake. Nyuma ya amplifaya huandikwa ohmu inazokubali. Ikiwa yataka ohmu 8 nawe ukaifunga spika za ohmu 4, itavuta umeme mwingi, ipate joto na pengine iungue. Na mjue kwamba spika mbili za ohmu 8 zikifungwa pamoja kwenye tundu moja huwa ohmu 4. Wala msinunue amplifaya dhaifu kupita kiasi. Ikikamuliwa hadi mwisho, sauti hukwaruza, na twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti kali, huungua.

Kuna wanaosema sabufa ni rahisi kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya sanduku moja. Kumbe hapo ndipo penye hasara! Bodi moja ikiungua, mara nyingi sanduku zima hutupwa. Na sisi wa Mwakirunge twajua vitu hivyo hutupwa wapi. Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, malori ya taka za mji yalielekezwa huku kwetu. Plastiki na nyaya zikichomwa ili kutoa shaba, moshi wake hauchagui nani alinunua. Amplifaya na spika zilizo mbalimbali hutengenezeka. Kikiharibika kimoja, fundi wa redio hushughulikia hicho tu, kingine kikabaki.

Tukishanunua, kazi itakayobaki ni ndogo. Spika zikae mbali na pembe, kimo cha masikio ya aliyeketi. Waya mwekundu uende penye rangi nyekundu na mweusi penye nyeusi, kwa spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi hupotea na sauti ikawa kama imekonda. Halafu tutandike mkeka sakafuni na tutundike leso mbili tatu ukutani ili mwangwi upungue. Leso tunazo majumbani, hazihitaji mchango.

Najua wapo watakaouliza, "Na siku ya michezo je?" Siku hiyo tutaomba vyombo vya shule. Hatuwezi kuishi mwaka mzima na kishindo kwa ajili ya siku moja.

Basi, mlezi wetu na wanachama wenzangu, mkutano ujao tuamue kwa masikio, si kwa macho. Naomba kuwasilisha.