Ugali Unasingiziwa

Imeenea imani mijini, maofisini na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba anayetaka kupunguza mwili aanze kwa kuukimbia ugali. Mchana mgahawani anaagiza chipsi kuku au chipsi mayai, anashushia na soda ya nusu lita, kisha anaondoka akiamini amejinyima. Imani hii inawapoteza watu wenye nia njema kabisa, nao si wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2022 ukakuta kiwango kimepanda.

Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, sawa na gramu ya protini. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa hazifikishi kalori 90. Vikatwe, vizamishwe kwenye karai la mafuta, maji yatoke na mafuta yaingie, gramu 100 za chipsi hizo hubeba kama 300. Chipsi mayai ni zaidi, maana chipsi zilizokwisha kukaangwa hurudishwa kwenye kikaango chenye mafuta mengine ndipo mayai yamiminwe, na kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kina kalori 120 hivi. Anayesonga ugali hatii mafuta, anatia maji, na sehemu kubwa ya uzito wa bonge lile ni maji hayo. Halafu ipo soda. Chupa ya nusu lita ya kola hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke takriban gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Tena kinywaji kitamu hakishibishi kama chakula cha kutafuna, kwa hiyo anayekunywa hapunguzi tonge hata moja.

Nitaambiwa: mbona fulani aliacha ugali akapungua kilo tatu ndani ya wiki? Anayekata wanga ghafla humaliza akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu tatu za maji. Mizani inashuka haraka kwa sababu maji yametoka. Mafuta ya tumboni bado yapo. Kwa muda mrefu mambo ni mengine. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. La kwanza lilipungua kwa wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya maana. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na yaepuke sukari na nafaka zilizokobolewa.

Hapo kwenye kukobolewa pana hoja ya kweli dhidi yangu. Sembe imepoteza nyuzinyuzi ambazo dona inazo, na bonge la ugali wa kushibisha mpiga jembe ni kubwa mno kwa anayekaa kwenye kiti kutwa. Nakubali. Dawa yake ni kuomba nusu, au dona inapopatikana, na mwenye kisukari afuate kipimo alichopewa kliniki. Kuhamia kwenye karai la mafuta hakutibu lolote kati ya hayo.

Wapo pia wanaosema kwa mama ntilie hakuna nafasi ya kuchagua. Ipo. Samaki wa kuchemsha mara nyingi yuko kando ya wa kukaanga, maharage yako sufuriani, mchicha unaweza kuongezwa kwa pesa kidogo, rojo lenye mafuta yanayoelea linaweza kuachwa, na maji hayakosekani. Sahani hiyo, pamoja na ugali wake wa kiasi, mara nyingi ni rahisi kuliko chipsi kuku na soda. Ila hakuna kampuni inayoitangaza, wakati rangi na nembo za soda zimepakwa kwenye kuta za vibanda hivyo hivyo tunamokwenda kula.