Spiriti ya Miwa Isiingizwe katika Trekta

Wapo wenzetu wanaodai kwamba, maadam Kiwanda cha Sukari cha Kilombero kinageuza molasi kuwa spiriti, basi mkulima wa Michenga na aichanganye na dizeli katika trekta au pawatila yake, apate nafuu ya bei. Dai hilo ni tamu masikioni, lakini ni la hatari.

Injini ya petroli ina plagi inayowasha mafuta kwa cheche. Injini ya dizeli haina. Yenyewe huigandamiza hewa mpaka iwe moto mkali, na mafuta yakipulizwa humo hujiwasha yenyewe. Wepesi huo wa kujiwasha hupimwa kwa namba ya setani: dizeli hupata 40 na zaidi, spiriti hupata kama 8 tu. Tena spiriti hunyonya maji. Katika unyevu wa masika ya Kilombero mchanganyiko hutengana ndani ya tangi, na pampu, ambayo hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayoisukuma, hubaki ikisagika kavu. Zaidi ya hayo, mvuke wa spiriti huweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 13 tu. Na madumu ya mafuta huwekwa wapi katika vibanda vyetu vya kukobolea mpunga? Kando ya mashine!

Watatujibu kwamba mabasi ya Stockholm yamewahi kutumia spiriti. Naam, yalitumia, lakini Scania waliyaundia injini maalumu zenye mgandamizo mkubwa kupindukia, na spiriti yenyewe hutiwa dawa ya kuisaidia kuwaka. Pawatila ya Ifakara haikuundwa hivyo. Brazil ilipoanzisha mpango wake mwaka 1975, na Malawi mwaka 1982, spiriti ilipelekwa kwenye petroli. Huko ndiko mahali pake. Kama tuna spiriti ya ziada, ichanganywe katika petroli ya pikipiki zetu, kwa vipimo vya serikali, si kwa kopo la mchuuzi.

Pampu ikifa wakati wa kulima, mvua haimsubiri mkulima apate fundi. Msimu umekwenda, na deni la pembejeo liko palepale. Hivyo yeyote anayetaka kuuza mchanganyiko huo katika bonde hili atie sahihi kwanza, mbele ya chama cha ushirika, kwamba pampu zitakazoharibika atazilipia yeye.