Daraja bila njia ya kutokea ni hasara kwa mfanyabiashara

MVUA zikianza kunyesha Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kusikiliza redio ili ajue hali ya Jangwani. Anaijua kwa bei. Mzigo uliotakiwa kufika saa mbili asubuhi unafika saa sita, wateja wa Magomeni na Manzese hawaonekani, na mwenye kirikuu anadai nyongeza kwa sababu amezunguka mbali. Maji ya mto mmoja yamekwisha kuingia katika hesabu za duka.

Mto huo ni Msimbazi. Unaanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, unalikata jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila anayetoka magharibi au kaskazini mwa jiji kwenda katikati analazimika kuuvuka mahali fulani: Salenda, Jangwani, Kigogo au kule Tabata katika Barabara ya Mandela. Sehemu za kuvukia ni chache kwa jiji la mamilioni ya watu. Ndiyo maana foleni ya Dar es Salaam, kwa kiasi kikubwa, ni foleni ya kuvuka mto.

Safu hii inaunga mkono ujenzi wa madaraja mapya. Lakini inaunga mkono kwa masharti, na masharti hayo ni ya kibiashara.

Tuanze na mfano. Tuseme gari dogo la mizigo linamgharimu mwenyewe shilingi 60,000 kwa siku, ukijumlisha posho ya dereva, marejesho ya mkopo, bima na maegesho. Gharama hizi hazipungui gari likisimama kwenye foleni. Likipiga safari 3 kwa siku, kila safari inabeba shilingi 20,000. Kama linachukua katoni 100, kila katoni inabeba shilingi 200. Daraja jipya likipunguza foleni na gari likapata safari ya 4, katoni inashuka hadi shilingi 150.

Sasa tuseme daraja hilo lina tozo ya shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Hiyo ni shilingi 20 kwa katoni. Jumla inakuwa 170, ambayo bado ni nafuu kuliko 200 ya mwanzo. Mfanyabiashara mwenye akili atalipa tozo hiyo bila kunung'unika.

Lakini kama daraja ni pana na makutano ya mbele yake ni yale yale ya zamani, gari litavuka mto kwa dakika mbili na kusimama Faya nusu saa. Safari zitabaki 3, tozo italipwa, na katoni itapanda hadi shilingi 220. Hapo daraja limemwongezea mwananchi gharama. Foleni haikuondoka, ilihamishwa tu kutoka upande huu wa mto kwenda upande wa pili.

Sharti la kwanza, basi, ni kwamba daraja lijengwe pamoja na njia zake za kutokea: makutano, barabara za pembeni, sehemu za kushushia mizigo. Mfano wa karibu ni Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022 kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Lenyewe lina urefu wa kilomita moja hivi, lakini mradi wake ulikuwa na barabara za kuunganisha za zaidi ya kilomita tano. Huo ndio uwiano unaofaa kukumbukwa. Hata hivyo daraja lile linaunganisha eneo la Hospitali ya Aga Khan na ufukwe wa Coco. Mzigo wa Kariakoo unaokuja kwa Barabara ya Morogoro haupiti huko.

Sharti la pili ni mto wenyewe. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Pamoja na funzo hilo, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, katika bonde lile lile, na maji hayakukawia kuifuata. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na ndani yake limo daraja jipya la Jangwani, la juu kuliko la zamani. Huo ni uamuzi mzuri. Lakini mto unaojazwa mchanga na takataka kila mwaka huinua kitanda chake, na daraja la juu leo linaweza kuwa la chini baada ya muda. Fedha za kuzoa mchanga zitengwe kila mwaka, kama mwenye duka anavyotenga fedha za kukarabati paa kabla halijavuja.

Sharti la tatu ni fedha. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa mchango wa NSSF wa asilimia 60 na wa Serikali wa asilimia 40. Fedha za NSSF ni akiba ya wafanyakazi, na lazima zirudi. Ndiyo maana kuna tozo. Wakazi wa Kigamboni walilalamika kwa miaka, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja: mwanachama wa mfuko anataka pensheni yake, na mwenye bajaji anataka kula leo. Kilichokosekana ni hesabu iliyobandikwa mahali pa wazi, ikionyesha zimekusanywa ngapi na zimebaki ngapi. Mdaiwa anayeonyeshwa daftari lake hulipa kwa moyo mweupe zaidi.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoingia. Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki ya CRDB iliuza Hatifungani ya Miundombinu ya Samia kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ili kuwakopesha makandarasi wa barabara za TARURA. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 500,000. Zilitafutwa shilingi bilioni 150, zikapatikana bilioni 323. Tusidanganyane tena kwamba wananchi hawana fedha.

Hata hivyo, msomaji, tofautisha mambo mawili. Aliyenunua hatifungani ile aliitegemea benki kumlipa, si barabara. Ikitolewa hatifungani ya daraja ambayo malipo yake yatatokana na tozo, usiangalie riba peke yake. Uliza ni magari mangapi yatapita, njia ya bure iliyo karibu iko wapi, na nani atafidia wanasiasa wakishusha tozo kabla ya uchaguzi. Pasipo majibu ya maandishi, bakia na fedha yako.

Wapo wanaosema kwamba kila daraja jipya huvuta magari mapya, na baada ya miaka michache foleni hurudi. Wana hoja. Jibu langu ni kwamba daraja lipimwe kwa idadi ya watu na mizigo inayovuka, wala si kwa idadi ya magari. Basi moja lililojaa lina thamani kuliko magari madogo arobaini yenye mtu mmoja mmoja. Njia ya mabasi iwekwe tangu mwanzo, na saa za usiku zipewe malori.

Jumuiya za wafanyabiashara zina desturi ya kulalamika baada ya ramani kupitishwa. Safari hii ziende mapema. Ziende na hesabu za katoni na safari, ziulize gari likishavuka mto litatokea wapi. Anayechelewa kuuliza swali hilo atakuja kulipa jibu lake kila siku, shilingi ishirini kwa kila katoni.