Mizani ya ufito na chupa ya maji

Rwanda ilianza mtaala wake mpya mwaka 2016, Kenya 2019, Uganda 2020 kwa sekondari za chini, na Tanzania 2024. Yote inadai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Kwa mzazi mfanyabiashara, dai hilo limekuja kama karatasi ya mahitaji inayoletwa jioni, na asubuhi inapelekwa duka la vifaa vya shule. Kitu kinanunuliwa kikiwa tayari, mtoto anakibeba, mwalimu anakitia alama. Mtoto mwenyewe hakutenda lolote.

Ni hasara, hasa katika nyumba za wasomaji wetu, ambazo hazikosi maboksi, kamba za magunia, vindoo na chupa.

Tuchukue mizani, maana hakuna mfanyabiashara wa Busia au Mutukula asiyejua uchungu wa kilo pungufu. Mtoto atafute ufito ulionyooka, aufunge kamba katikati na kuuning'iniza mlangoni mpaka ulale sawa. Kila ncha atundike kindoo, viwili vya aina moja. Katika kimoja aweke chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Katika cha pili, chupa tupu kama hiyo, kisha amimine maharage kidogo kidogo hadi ufito ulale sawa tena. Amepata nusu kilo, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Uhondo unaanza hapo. Asogeze kamba ya katikati vidole viwili kuelekea upande wa maji. Maharage yatashuka, ingawa hakuna punje iliyoongezwa, kwa kuwa sasa yako kwenye mkono mrefu. Ili ufito ulale sawa itabidi ayapunguze, na huo ndio wizi wa mizani ya mikono miwili: inasimama sawasawa huku mnunuzi anapunjwa. Akibadilishana vindoo, cha kulia kije kushoto, hila inafichuka papo hapo.

Mizani ya saa haina pande za kubadilishana. Lakini chupa mbili za nusu lita zikiwekwa juu yake, lazima isome kilo moja na ziada ndogo ya plastiki. Ikisoma kilo moja na robo, mama mtu aondoke na pesa zake.

Tunawaomba walimu wakuu, hasa wa shule za mipakani, karatasi ya mahitaji itaje kazi ya kufanywa, isitaje kifaa cha kununuliwa. Na mizani iliyopinda ya mtoto ipate alama kuliko iliyonyooka ya fundi seremala. Wazazi nao wavumilie uchafu kidogo stoo. Betri za simu na umeme wa ukutani tu ndivyo visiguswe na watoto. Mengine yote wapewe, na maharage yakimwagika wayaokote wenyewe.